Alama Tatu za Moto Mguuni

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi ana kiatu kimoja kinachomtosha na kingine kisichomtosha. Huenda ameshaanza kukikata ukingo kwa kisu ili mguu upate nafasi. Mimi nilianza hivyo hivyo. Nilikuwa koplo jeshini, mwenyeji wa Garissa, nikapasua buti la serikali kwa wembe na kuuficha mpasuko kwa rangi nyeusi ya viatu. Leo nina mguu mmoja na nusu, usiku nalala vizuri, na nimepata utulivu wa kuyapanga mambo haya. Jinsi ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi sitaeleza, hayo ni ya madaktari. Nitaeleza nilivyokaa nao na nilivyovutana na makaratasi yake, maana kwangu makaratasi yaliuma kuliko mguu.

Ulianza kwa mwiba. Tulikuwa doria upande wa Liboi, katika kile kiangazi kikali tunachokiita jilal, na mwiba wa mgunga ukapita soli ya buti ukaingia katikati ya unyayo wa kulia. Niliyekuwa naye ni Mutiso, sajenti, mtu wa Machakos. Aliniona nikikaa chini, nikivua buti na kuung'oa mwiba kwa koleo la kukatia waya. Akanishauri tukirudi kambini nipite kwa tabibu wa kikosi niandikwe kwenye daftari la wagonjwa. Nilicheka. Nimekulia nyuma ya ng'ombe upande wa Kotile, na kwetu mtoto anayelia kwa sababu ya mwiba hupewa jina la utani litakalomfuata mpaka siku ya kuoa. Mtu mzima mwenye bunduki akapange foleni kwa tabibu aseme kachomwa na mwiba? Sikwenda. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na ni kosa ambalo Mutiso asingelifanya, kwa sababu yeye alikwenda kwa tabibu hata akiumwa na siafu.

Mguu haukuuma. Hilo watu hawaliamini, lakini kwa miaka mingi haukuuma kabisa. Kilitokea kivimbe kidogo kama punje ya kunde, kikapotea akilini mwangu, kikarudi kikubwa zaidi. Kisha unyayo ukaanza kujaa, vidole vikanyanyuka vikawa havigusi chini, ngozi ikatoboka matundu madogo. Matundu yakatoa usaha wenye punje nyeusi kama baruti. Nilizifuta kwa kitambaa na kukifukia kitambaa. Asubuhi moja buti likakataa kuingia, nikaenda gwaride nikiwa na buti mguu mmoja na ndara mguu mwingine, na siri ikaishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipewa barua ya kuacha kazi kwa sababu za afya, nikarudi Garissa kwa mke wangu Zeinab.

Daktari wa hospitali ya mkoa alinieleza kwa maneno machache. Ugonjwa ulikuwa umekaribia mfupa. Kulikuwa na vidonge vya kumeza kwa miezi mingi, na baada ya vidonge upasuaji, na vyote viwili vilikuwa Nairobi. Hospitali ya jeshi ingenitibu kama ingekubaliwa kwamba ugonjwa ulitokana na kazi. Isipokubaliwa, mimi ni raia kama raia wengine, nijitafutie, na kwa bei ya vile vidonge nisingemaliza hata dozi ya mwezi. Kwa hiyo dai langu la ulemavu halikuwa la pensheni tu. Lilikuwa la mguu wenyewe, uishie wapi: kwenye kifundo, chini ya goti au juu yake. Nilijaza fomu siku ile ile.

Kuanzia hapo nilihesabu muda kwa safari za Nairobi na kwa kubadilishwa bandeji. Bandeji ilibadilishwa Jumatatu na Alhamisi, hospitali ya mkoa, kwenye benchi refu lililo karibu na dirisha la dawa. Watu wa benchi lile tulijuana kwa magonjwa kabla ya kujuana kwa majina. Kulikuwa na mwanamke wa jicho na mzee wa jiwe la kibofu, na mimi nilikuwa askari wa mguu. Safari za Nairobi zilikuwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Basi liliondoka alfajiri, na kwenye daraja la Tana abiria wote tulishushwa, tukakaguliwa vitambulisho, tukavuka kwa miguu na kulikuta basi ng'ambo. Polisi kijana aliwahi kuniambia nifanye haraka. Nikamwambia hiyo ndiyo haraka yangu.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu kwa namna ya kimya. Mguu ulikuwa unanuka. Zeinab hakulisema hilo hata siku moja, lakini alianza kufukiza unsi, ule ubani wetu, mara tatu kwa siku, wakati zamani alifukiza jioni tu. Wageni wakimsifu kwa nyumba yenye harufu nzuri anaitikia alhamdulillah. Wanangu waliacha kulala chumba chetu, na hakuna aliyewaagiza. Nilikuwa mkali nyakati hizo, nikigombana na chai, na redio, na mbuzi wa jirani. Niliona aibu pia, na aibu ya mwili wako mwenyewe haina pa kuikimbilia.

Jibu la kwanza lilikuja baada ya gu, yaani mvua za masika, mbili kupita. Dai limekataliwa. Barua ilieleza kwamba maradhi yalikuwepo kabla ya mwombaji kuandikishwa jeshini. Sikuelewa, nikasafiri kwenda kuuliza. Karani wa ofisi ya pensheni, kijana mpole mwenye sweta, alifungua faili langu na kunionyesha fomu ya siku niliyoandikishwa. Mahali pa alama za utambulisho palikuwa pameandikwa: alama tatu za kuchomwa kwa moto, mguu wa kulia.

Alama hizo nilikuwa nazo tangu utotoni. Zilikuwa juu ya unyayo, karibu na kifundo, zimepangana kama mafiga. Madaktari wa kamati iliyopitia dai langu walijua kwamba watu wetu huchoma kwa moto mahali panapouma, na hapo hawakukosea, mara nyingi ndivyo tufanyavyo. Walitazama fomu, wakautazama mguu, wakaona mtu aliyekuwa na ugonjwa wa mguu tangu mtoto, akachomwa na mganga wa kwao, akauficha mpaka akaajiriwa. Na mwiba wa Liboi haukuandikwa popote. Kama ningekuwa mimi katika kile kiti, na faili lile mbele yangu, huenda ningeamua vivyo hivyo. Lakini haikuwa kweli.

Ukweli ni kwamba tulichomwa kwa ajili ya macho. Nilikuwa na miaka saba hivi macho yangu yalipogeuka manjano, na ya kaka yangu Bare, na ya dada yetu mdogo Habibo. Kwetu ugonjwa wa manjano huchomwa mbali na unapoonekana. Mama alitushika mmoja mmoja, na mtu mwenye chuma cha moto akatuchoma mguu wa kulia, vidoti vitatu kila mmoja. Macho yakawa meupe tena, kwa chuma au kwa siku zake tu, sijui.

Nilikata rufaa. Mutiso, aliyekuwa amestaafu na analima machungwa, aliandika barua ya kurasa mbili kuhusu ule mwiba, akaeleza hata nilivyocheka. Barua ilimsaidia mwenye kuisoma kuamini kwamba mwiba ulikuwepo. Lakini jibu lilisema alama za moto bado hazijaelezwa, nilete ushahidi siku ya kusikilizwa. Ushahidi gani? Aliyetuchoma alishakufa, mama alishakufa, na moto ule haukuwa na cheti. Nilikaa na barua hiyo miezi. Kila Alhamisi bandeji ilikuwa kubwa kuliko ya Alhamisi iliyopita.

Kilichonifungua macho kilikuwa jambo la kila siku. Bare alikuja mjini kuuza madume, tukaenda pamoja msikitini. Mimi siku hizo nilikuwa napangusa maji juu ya bandeji tu, kwa hiyo nilimaliza kutawadha mapema na kungoja wenzangu. Nikamtazama akiosha mguu wa kulia. Alama tatu, mahali pale pale, zimepangana vile vile. Nilikuwa nimeuona mguu ule tangu kuzaliwa kwangu na sikuwahi kuuona. Mguu wenyewe ulikuwa mzima, mkavu, na mwendo wake ni wa siku nzima nyuma ya ng'ombe. Nilimwambia pale pale, huku maji yakimdondoka, kwamba atakwenda nami Nairobi. Akasema sawa, akauliza kama huko wanauza betri nzuri za tochi.

Kisha mvua zikaja, zile za El Nino. Tana ilivunja kingo, barabara ikakatika, mji ukawa kisiwa cha matope. Miezi kadhaa hakuna basi lililopita, na bandeji za hospitali zikaisha, Zeinab akawa anachana shuka zake za harusi na kuzichemsha. Mvua zilipokwisha nilikuta barua yenye siku ya kusikilizwa rufaa yangu, na siku hiyo ilikuwa karibu sana. Bare alikuwa amehamisha mifugo mbali baada ya homa kuingia kwenye ng'ombe. Nilituma watu wawili wamtafute, wote wakarudi bila habari. Uvimbe ulikuwa umepanda juu ya kifundo. Daktari wa mkoa alinionyesha kwa kidole ulipofika, kisha akasogeza kidole mpaka kwenye goti.

Akabaki Habibo.

Habibo alikuwa anauza maziwa sokoni Garissa, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, na alikuwa hajaingia nyumbani kwangu miaka sita. Sababu ilikuwa mama. Mama alipougua mara ya mwisho nilikuwa kambini, nikapata habari, nikaomba ruhusa nikaambiwa ningoje, nami nikangoja kwa utii. Nilifika siku ya tisa baada ya mazishi. Habibo ndiye aliyemwosha, aliyemlisha, aliyesikia kila alilosema. Tangu hapo tulisalimiana kama watu wanaopishana njiani.

Nilimfuata sokoni na magongo yangu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakuniambia niketi. Alisikiliza huku akikung'uta vibuyu. Akaniambia kwa Kisomali kwamba yeye ni mama wa watoto saba na mke wa mtu, na hawezi kwenda kufunua mguu mbele ya wanaume ofisini ili kaka yake alipwe. Nikamwambia si kulipwa tu, ni mguu. Akasema jambo ambalo alikuwa amelihifadhi miaka sita.

"Mama alikuita siku tatu. Ya kwanza kwa jina lako, ya pili kwa jina la utani, ya tatu alikuwa anakuita kama unavyoita mtoto aliyepotelea porini."

Nilimwambia nimekosa, nikageuka. Nilitembea hadi nyumbani nikilia hadharani, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata siku ya ile ndara gwarideni.

Siku mbili baadaye, alfajiri, nilikuwa kituo cha basi peke yangu na barua ya Mutiso mfukoni. Habibo akaja na kikapu cha chakula. Alisema amemuuliza sheikh, na sheikh amesema kwa daktari na kwa dharura hakuna ubaya. Alisema mumewe amekubali. Alisema pia kwamba bado hajanisamehe. Akapanda basi akaketi upande wa wanawake, na kwenye daraja, tuliposhushwa kuvuka kwa miguu, alitembea nyuma yangu polepole njia nzima ili nisionekane wa mwisho.

Chumba cha rufaa kilikuwa na meza ndefu, madirisha ya juu na watu watatu, wawili wa ofisi na daktari mmoja mwenye mvi aliyekuwa mwenyekiti. Nilieleza kwamba shahidi wangu ni mguu wa dada yangu. Mmoja wa wale wa ofisi alitabasamu. Mwenyekiti hakutabasamu. Aliwaomba wenzake watoke nje, akamwita muuguzi wa kike asimame kando, akamuuliza Habibo kama anataka mimi pia nitoke. Habibo akasema nibaki.

"Nitoe fiatu?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, hakuwahi kukitumia kwa daktari.

Daktari akamwambia avue kimoja tu. Habibo akavua, akainua upindo wa nguo kiasi cha vidole vinne, akaweka mguu juu ya kiti. Kisha mimi nikafungua bandeji yangu, nikaweka wangu kwenye kiti cha pili. Ilikuwa mara ya kwanza Habibo kuuona. Alishika mdomo, akaondoa mkono haraka. Daktari aliinama, akatazama wake, akatazama wangu, akapima kwa rula ya kawaida ya shule. Alama mbili zilikuwa sawasawa na zangu. Ya tatu kwake ilikuwa ndefu, imeburuzika. Akauliza kwa nini.

"Mimi nilibiga teke," Habibo alisema. "Huyu hakubiga. Huyu alitulia, ndio alama yake iko sawa. Mama alishika sisi watatu siku moja, kwa sababu macho ilikuwa njano. Si mguu, daktari. Macho."

Daktari akauliza kama mguu huo umewahi kuvimba, kutoboka, au kumsumbua kwa namna yoyote.

"Mguu hii imebeba mimba saba. Imechota maji ya Tana tangu niko mdogo. Haijauma hata siku moja. Kama moto ni ya kuonyesha ugonjwa, mimi ningekuwa nimekufa."

Daktari aliandika kwa muda mrefu. Sikuona aliandika nini. Habibo alivaa kiatu chake, akashusha nguo, kisha akachukua bandeji mikononi mwa muuguzi na kunifunga yeye mwenyewe, kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa.

Jibu lilifika kabla ya mvua zilizofuata. Rufaa ilikubaliwa. Nililazwa hospitali ya jeshi, nikameza vile vidonge miezi mingi. Vilikausha mdomo na kuondoa ladha ya kila kitu, hata ya chai ya maziwa. Uvimbe ulipungua, matundu mawili yakafunga, lakini mfupa ulikuwa umeshaguswa. Daktari wa upasuaji alikata chini ya goti. Alisema ningechelewa msimu mmoja zaidi angekata juu yake, na mtu mwenye goti lake na mtu asiye na goti ni watu wawili tofauti. Ninakubaliana naye kila nikisimama.

Nilimwomba mhudumu mmoja Mwislamu aulize mguu umepelekwa wapi. Akaniletea habari kwamba ulifungwa kitambaa cheupe ukazikwa. Niliporudi Garissa Habibo alikuja na kibuyu cha maziwa, akaingia ndani bila kubisha, akaniuliza jambo hilo hilo kabla hata ya salamu kwisha. Nikamjibu. "Basi mkono wa mama uliotushika siku ile uko Nairobi kidogo," akasema, "na kwangu kidogo." Kisha akamwambia Zeinab unsi umezidi, afungue dirisha. Zeinab alifungua dirisha akacheka kwa sauti, na sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo alipocheka ndani ya chumba kile.

Kwa wewe unayesoma ukiwa na kiatu kilichokatwa, nina machache. Ukichomwa na mwiba ukiwa kazini, nenda uandikwe, acha watu wacheke. Ukiandikishwa popote na karani akauliza alama ya mwilini, mweleze na sababu yake, na uhakikishe ameiandika. Ukikataliwa mara ya kwanza, usiichane barua, isome mpaka uone ni kitu gani hasa wameshindwa kukijua. Na kama kuna mtu wa nyumbani kwenu uliyemkosea, usingoje mpaka umhitaji.

Kila mwaka hutakiwa kwenda kuhakikiwa, ili ofisi ijue kama ulemavu bado upo. Safari ya kwanza Habibo alinisindikiza, kwa madai kwamba anataka kununua vyombo. Karani alikuwa yule yule wa sweta. Alikuwa na fomu mpya ya kujaza, na alipofika kwenye alama za utambulisho akasimamisha kalamu, akafungua ile fomu ya zamani, akanitazama chini ya goti. Akasema kwa upole kwamba zile tatu haziwezi kuandikwa tena, je, mzee ana alama nyingine yoyote?

Nilikuwa bado nafikiri. Habibo alijibu kutoka benchi la nyuma.

"Andika ana dada."

Karani alicheka, nami nikacheka, yeye Habibo hakucheka. Karani hakuliandika hilo. Aliandika kwamba mguu wa kulia umekatwa chini ya goti, na hiyo pia ni kweli.